Kwanza Majina, Saa Baadaye

Iko biashara iliyostawi sana huko Marekani. Mtu aliyewahi kuwa askari, au mwanawe, hulipa fedha akatengenezewa saa ya mkono yenye nembo ya jeshi lake, ikachorwa na jina lake, cheo chake na miaka aliyotumikia. Huitwa saa ya ukumbusho, na wauzaji hudai kwamba hiyo ndiyo heshima inayomstahili shujaa. Yaani shujaa anauziwa heshima yake mwenyewe!

Kasumba ya namna hii haikosi wapenzi hapa kwetu. Wapo watakaouliza: kwa nini wazee wetu waliompiga nduli Idi Amin nao wasitunukiwe saa kama hizo, ukumbini, mbele ya wapiga picha? Jibu langu ni hapana. Angalau si sasa.

Tutazame Oman. Sultani Qaboos alikuwa na desturi ya kutunuku saa za Rolex, zilizoagizwa kupitia duka la Asprey la London, usoni zikiwa na nembo ya jambia. Baadhi zilikwenda kwa askari wa Kiingereza waliokilinda kiti chake katika vita vya Dhofar, vilivyokwisha mwaka 1976. Leo saa hizo hunadiwa minadani, na matajiri ambao hawakupata kusikia mlio wa risasi huzigombania. Sultani alikuwa na hiari ya kuwatunza waliompigania. Lakini aliyelinda kiti cha mfalme wa watu na aliyelinda ardhi yake mwenyewe hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja.

Maana Vita vya Kagera havikupiganwa na jeshi la mshahara peke yake. Amin alipotuvamia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kudai kwamba ardhi yetu ya kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda, mikoa ilitakiwa itoe mgambo. Maelfu ya wakulima waliacha mashamba wakaungana na JWTZ, polisi, magereza na JKT. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kisha mgambo wengi walirudi vijijini wakashika majembe yaleyale. Kwa waliokufa vitani tunayo makaburi ya mashujaa Kaboya, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka. Aliyerudi salama, akaja kufa kwa uzee nyumbani kwake, hana kaburi Kaboya.

Sasa nauliza: huyo anayetaka kuchora majina kwenye saa atayatoa wapi? Askari wa kudumu ana namba yake na faili lake. Mgambo wa kata kama Isansa, huko Mbozi, aliyeitwa wakati Mbozi ingali Mkoa wa Mbeya (Songwe imekuwa mkoa mwaka 2016 tu), jina lake limo vichwani mwa wenziwe. Na kijana wa miaka 20 wa mwaka 1979 leo amekwisha kupita miaka 65. Kila msimu wa kahawa unapokwisha, vichwa hivyo vinapungua.

Wilaya hiyohiyo ya Mbozi ina kimondo, jiwe la chuma la takribani tani 12 lililoanguka kutoka angani. Wageni hupelekwa kukiona, na watoto wa shule hufundishwa uzito wake. Vema. Lakini ni watoto wangapi wanaoweza kumtaja jirani yao mmoja aliyetembea kwa miguu kutoka Kagera hadi Kampala?

Wakoloni walitutangulia katika dhambi hii. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, waliyoisimamisha mwaka 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, ina maandishi yanayoahidi kwamba wana watalikumbuka jina la baba aliyeipigania nchi yake. Jina lenyewe halimo hata moja. Kwa Mwingereza hilo halishangazi. Kwetu litakuwa fedheha.

Watasema mwandishi anawaonea wazee wivu kwa kipande cha chuma. La hasha! Mwana akitaka kumnunulia baba yake saa, na amnunulie, na mzee aivae kanisani au kilabuni apendavyo. Ninachopinga ni ofisi ya umma kugawa saa hamsini kwa wale walio karibu na ukumbi, kisha ikaandika katika taarifa yake kwamba deni limelipwa.

Ndugu mwalimu, ndugu mtendaji, kazi hii haihitaji fedha za kigeni. Inahitaji daftari, kalamu na jioni chache. Nenda kwa mzee ukiwa na adabu yako. Andika jina lake kama yeye mwenyewe anavyolitamka, kijiji alichotoka, mwaka aliokwenda, kikosi alichopangiwa, na nani waliondoka pamoja naye wasirudi. Waulize na wajane, maana wao hukumbuka siku ya kuondoka kuliko mtu yeyote. Nakala moja ibaki shuleni, ya pili ofisi ya kata, ya tatu ipelekwe wilayani Vwawa. Na tarehe 25 Julai, kabla ya hotuba yoyote, isomwe yote kwa sauti, hata kama itachukua asubuhi nzima.