Haki ya Mikono ya Wazee Wetu

Katika nchi ya Fizi, mashariki mwa Kongo, ambako malipo ya uzeeni hayajulikani ila kwa watumishi wachache, na ambako vita vya miaka mingi viliwaachia mababu na mabibi malezi ya wajukuu waliofiwa na wazazi, mkono wa mzee haupati ruhusa ya kustaafu. Bibi mwenye umri wa miaka 70 angali akilima muhogo katika vilima vilivyo juu ya Nundu, akiumenya na kuuloweka, akitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, kinuni, akikamua mawese na kufua nguo mtoni. Na mzee mwenzake, ambaye ujana wake uliishia katika kuvuta kamba za nyavu za ndagala usiku ziwani Tanganyika, bado huwashonea wanawe nyavu zilizoraruka, kwa vidole visivyokunjika sawasawa. Wengi wao walikwisha kuyaacha mashamba yao wakakimbilia kambi za wakimbizi za Lugufu na Nyarugusu, Tanzania, ng'ambo ya ziwa, na waliporejea kwa meli mjini Baraka kuanzia mwaka 2005 walikuta pori, wakalifyeka upya katika umri ambao mtu hustahili kufyekewa. Kwa hiyo nasema ni dhuluma kuyahesabu matunzo ya mikono ya wazee kuwa ni anasa au urembo, ilhali mkono huo ukishindwa, jikoni hapainjikwi chungu.

Mtu akizeeka, ngozi ya mgongo wa kiganja hukonda na mafuta yake ya asili hupungua. Nayo sabuni yetu ya kienyeji, ipikwayo kwa mawese na soda kali, husafisha nguo vema lakini humnyang'anya mzee yale mafuta machache aliyosalia nayo, hata vidole vikapasuka nyufa na uchafu ukapata njia ya kuingia. Dawa ya hayo haitoki mbali: asuuze mikono kwa maji safi amalizapo kufua, aifute, kisha aipake mafuta ingali na unyevu, nayo mafuta ya kokwa za mchikichi yanatosha kabisa.

Maradhi ya viungo ndiyo yenye mashaka zaidi, kwa kuwa hayafanani, ilhali sisi huyaunganisha yote kuwa baridi yabisi na kumwambia mzee avumilie. Yako yatokanayo na kulika kwa viungo kwa umri na kazi, ambayo hufanya vinundu vigumu karibu na ncha za vidole na ukakamavu wa asubuhi usiozidi nusu saa. Haya hupozwa kwa maji ya vuguvugu, kwa kuvikunja na kuvikunjua vidole taratibu kila siku, na kwa kupunguziwa mizigo. Yako mengine ambayo mwili hujishambulia wenyewe, viungo vya mikono yote miwili vikavimba na kupata joto, na ukakamavu wa asubuhi ukadumu saa nzima au zaidi. Mtu wa namna hii apelekwe kwa tabibu upesi, kwa maana akicheleweshwa vidole hupinda visirudi tena. Na iko ganzi. Ganzi ya usiku kuanzia kidole gumba hadi cha kati aghalabu ni ya mshipa wa fahamu uliobanwa katika kifundo cha mkono, lakini ganzi yenye baka lisilohisi huweza kuwa jedhamu, maradhi ambayo hayajatoweka katika Kongo na ambayo dawa zake hutolewa bure duniani kote tangu mwaka 1995. Asiyehisi moto huishika sufuria hadi akaungua, na wa nyumbani wakadhani ni uzembe wa ukongwe.

Jambo linalonikera kuliko yote ni wepesi wa kumnunulia mzee vidonge vya diklofenaki au indomethasini sokoni, akavimeza mwezi baada ya mwezi bila kupimwa, mpaka tumbo likatoka vidonda, shinikizo la damu likapanda na figo zikadhoofika. Mwana anayefanya hivyo hufanya kwa mapenzi, nalijua hilo. Lakini ingekuwa ihsani kubwa zaidi kama angemwondolea mzee kazi inayomuumiza. Bidoni moja ya maji ina kilo 20, na mpini wake mwembamba hukata vidole vyenye viungo vilivyolika. Mzee achotewe, au apewe ndogo ya kujaza kadiri ya nguvu zake. Mpini wa jembe ukizungushiwa mpira wa baiskeli kuukuu huwa mnene, nao mkono hauhitaji kukaza mno ili kuushika. Kuni na zipasuliwe na vijana.

Wala dhamana hii si ya jamaa peke yao. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 49, inawapa wazee haki ya hatua mahsusi za kuwalinda kulingana na mahitaji ya miili yao. Misaada iliyofika pwani yetu ya ziwa imeshughulikia kipindupindu, majeruhi wa vita, wajawazito na watoto, na hakuna mwenye insafu atakayeyalaumu hayo. Ila mzee aingiaye kituo cha afya kwa homa hutoka na dawa ya malaria, na aghalabu hakuna aliyemwambia afungue viganja. Hata katika kuandikisha wapiga kura, ambako mashine hutaka alama za vidole, wako wazee ambao alama zao zimefutika kwa jembe na kamba, nao hustahili kungojewa kwa adabu na kujaribiwa kidole baada ya kidole.

Naomba basi wakuu wa eneo la afya la Nundu, na hospitali yake kuu, wawaagize wauguzi wa vituo vyote kumkagua mikono kila mzee anayefika kwao: akunje ngumi, aguswe ngozi kwa pamba huku amefumba macho, aulizwe ni kazi gani imemshinda tangu mwaka jana. Ukaguzi huo hautaki umeme wala mashine, na humalizika kwa dakika chache.