Kamera nane, sura hakuna

JICHO LA MERU
Na Nemburis Kivuyo

Katika maduka ya vifaa vya umeme mjini Arusha, kamera za ulinzi huuzwa kwa seti: nne, nane, kumi na sita. Mteja akiingia, jambo la kwanza anaulizwa anataka ngapi. Hapo ndipo fedha za wengi zinapoanza kupotea. Mwizi hakamatwi kwa wingi wa kamera. Anakamatwa sura yake ikionekana vizuri hata mara moja, na rekodi ikiwa bado ipo siku polisi wanapoihitaji.

Mama mmoja mwenye duka la nafaka karibu na soko la Kilombero alinionyesha rekodi ya usiku aliovunjiwa. Anaonekana mtu mwenye koti na kofia, akitoa magunia mlangoni bila haraka. Kamera ilikuwa juu kabisa, chini ya bati, kwa hiyo tulichokiona vizuri ni kofia. Pembeni mwa picha saa ilisomeka 07:14, na nje giza totoro. Aliyeifunga hakubadilisha saa ya kiwandani China, ambayo iko mbele ya yetu kwa saa tano. Mama yule alikuwa amelipa fedha za miezi mingi ya biashara, na alichopata ni picha ya kofia.

Tatizo kubwa lilikuwa lenzi. Seti za bei nafuu aghalabu huja na lenzi ya milimita 2.8, inayoona upana wa nyuzi kama 100. Ukitazama kwenye simu unafurahi: geti, gari, banda la kuku, vyote vimo. Lakini kiwango cha kimataifa cha kazi hii kinataka walau nukta 250 za picha kwa kila mita ili sura ya mtu usiyemfahamu itambulike. Kamera ya megapikseli 4 yenye lenzi hiyo inatimiza hilo mpaka umbali wa mita nne hivi. Zaidi ya hapo utabaki na koti tu. Lenzi ya milimita 6 inafika mita kumi. Kwa nyumba ya kawaida ya Njiro au Moshono, kamera moja ya namna hiyo, iliyoelekezwa kwenye mlango mdogo wa geti na kufungwa juu kidogo tu ya kichwa cha mtu, inafaa kuliko tano zinazotazama ua mzima kutoka kwenye paa.

Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Meru tuna shida zetu pia. Ilboru, Sekei na Olmotonyi ukungu ukishuka, mwanga wa infraredi unaotoka kwenye kamera hugonga ukungu na kurudi kwenye lenzi, picha yote ikawa nyeupe. Taa ya kawaida ya nje, iliyofungwa mbali kidogo na kamera, hupunguza sana tatizo hilo. Halafu kuna migomba. Programu za zamani hutoa tahadhari kila kitu kinapotikisika, na jani la mgomba hutikisika usiku kucha. Wiki ya pili mwenye nyumba anazima tahadhari zote, na mfumo umekufa ukiwa unawaka. Dai programu inayotofautisha mtu, gari na jani. Mashine nyingi mpya za kurekodi zinayo, na kwa anayejua kompyuta ipo Frigate, ambayo ni ya bure. Hakikisha pia kamera zinafuata ONVIF, utaratibu ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony, ili kesho usifungwe kwenye chapa moja.

Kuhusu diski, piga hesabu mwenyewe. Kamera inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 43 kwa siku. Nane kwenye diski ya terabaiti 1 hazifikishi siku tatu kabla ya kuanza kufuta za nyuma. Ukienda Loliondo msibani ukarudi baada ya siku tano, usiku wa wizi umeshafutika. Kamera nne na diski ya terabaiti 4 zinakupa wiki tatu. Nunua na betri: ya Ah 100 na inveta yake hubeba mfumo mdogo usiku mzima umeme ukikatika. Na mashine ya kurekodi usiiweke chini ya televisheni. Mwizi ataibeba pamoja nayo.

Linaloniuma zaidi ni nywila. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na mashine za kurekodi kwa maelfu duniani, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Huku kwetu kuna hatari ya karibu zaidi: fundi anasajili mfumo kwa namba yake ya simu, analipwa, anaondoka, na anabaki anaona sebule yako. Sajili mwenyewe, kwa simu yako, yeye akiwa amesimama pale. Wala kamera yako isitazame uani kwa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na picha ya mtu ni taarifa yake.

Mahakamani nako, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inataka kupimwa kama rekodi ilitengenezwa na kutunzwa kwa njia ya kuaminika. Rekodi inayosema ni asubuhi wakati wizi ulikuwa saa nane usiku inampa wakili wa mshtakiwa mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimalize kumlipa fundi mchana. Bakiza sehemu ya fedha. Usiku huo, taa zikiwa zimezimwa, mwambie jamaa asiyefahamika na fundi apite getini. Asubuhi fundi afungue rekodi akuonyeshe sura yake na saa sahihi. Akishindwa, akabadilishe lenzi kwanza.