Bili ya hospitali ni karatasi, siyo sauti ya simu

Kama wewe ndiye uliyefika chuo kikuu kwenye ukoo wenu na sasa una kazi mjini, basi jua jambo moja: namba yako ya simu imeandikwa kwenye mafaili ya hospitali ambazo hujawahi hata kuzikanyaga. Shangazi akilazwa Singida, akaulizwa ndugu wa karibu ni nani, anafungua pindo la kanga, anatoa kikaratasi na kusomewa namba yako. Hakuulizi kwanza. Akuulize nini wakati wewe ndiye mtoto wao wa mjini? Halafu siku moja, uko kwenye daladala au kwenye kikao, simu inaita na sauti usiyoijua inasema: "Napiga kutoka hospitali, ofisi ya uhasibu."

Jamani, leo tuiongelee simu hiyo.

Msimamo wangu ni huu: simu ya uhasibu siyo bili. Ni taarifa tu kwamba huenda kuna bili. Bili yenyewe ni karatasi yenye jina la mgonjwa, huduma alizopewa na bei ya kila moja. Tunaumia kwa sababu tunalipa taarifa badala ya kulipa bili.

Kwa nini tunafanya hivyo? Hofu. Mtu akikupigia kuhusu deni la kiwanja utamwambia asubiri mwisho wa mwezi. Akikupigia kuhusu mama aliye kitandani, unafungua simu kuangalia salio kabla hajamaliza sentensi. Matapeli wanalijua hilo kuliko sisi. Kila mwenye simu Tanzania ameshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wazazi wengi wameshapigiwa na mtu anayejiita mwalimu au daktari, akidai mtoto ameanguka shuleni, yuko hospitali, tuma hela ya matibabu haraka. Tulisajili laini kwa alama za vidole kuanzia 2019, mwisho ukawa Januari 2020, na bado simu hizo zinaingia.

Lakini matapeli ni nusu tu ya hadithi, na mimi naona ni nusu iliyo rahisi. Nusu ngumu ni pale simu inapokuwa ya kweli.

Mwaka jana baba mdogo alilazwa kwenye hospitali moja mkoani, sitaitaja. Siku ya sita nikapigiwa. Dada mwenye sauti ya upole akaniambia deni limefika Sh 412,000, wanafunga hesabu jioni, na mzee haruhusiwi kutoka mpaka lilipwe. Akaongeza kuwa kwa vile niko mbali, nimtumie kwenye simu yake, yeye atanilipia dirishani. Nikamwomba mchanganuo wa bili na namba ya malipo. Akabadilika kidogo: "Kaka yangu, sisi tunawasaidia halafu mnatuona wezi." Nikamjibu, "Dada, sijakuita mwizi. Naomba karatasi tu."

Nikakata, nikampigia mdogo wangu, binti wa baba mdogo, ambaye ndiye alikuwa anamuuguza. Akaenda dirishani, akapewa bili, akaipiga picha na kunirushia. Bili ilikuwa ya kweli na yule dada alikuwa mfanyakazi wa kweli. Ila ndani yake kulikuwa na sindano za Sh 84,500 ambazo mdogo wangu alizinunua mwenyewe duka la dawa la nje kwa sababu hospitali ziliisha, na risiti ilikuwa kwenye mkoba wake. Kulikuwa pia na siku 7 za kitanda kwa mtu aliyelala siku 5, kila siku Sh 15,000. Wakarekebisha bila ugomvi. Tukalipa Sh 297,500 na mzee akaondoka jioni ileile.

Sisemi kuna mtu alikusudia kuiba. Huenda ni makosa ya daftari tu. Ninachosema ni kwamba kama zile 412,000 zingeshatumwa kwa simu, nani angekaa chini kuzitafuta 114,500? Kosa la hesabu likishalipwa linakuwa halali.

Sasa ukipigiwa ufanye nini? Kwanza, mwache anayepiga akutajie jina la mgonjwa na namba ya faili. Usimtajie wewe. Tapeli anauliza, "Wewe ni ndugu yake nani?" na sisi kwa mshtuko tunajibu, "Kwani Mama Rehema amefanyaje?" Tayari umeshamjazia fomu. Muulize jina lake, cheo chake na ofisi aliyopo, uandike.

Pili, maliza mazungumzo kwa heshima, halafu wewe ndiye upige. Tafuta namba ya hospitali kwa njia yako, au mpigie ndugu aliye karibu na kitanda aende dirishani. Hata ukiambiwa ni dharura, mgonjwa anasubiri kuingia chumba cha upasuaji, hiyo simu moja ya kuthibitisha inachukua dakika mbili. Anayekukataza kukata simu ndiye wa kukatiwa.

Tatu, lipa taasisi, usilipe mtu. Hospitali ya serikali itakupa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ya tarakimu 12 tunayoiita mtaani "kontroo namba". Mfumo huu ulianza 2017, na unalipa kwa simu ukiwa popote nchini. Kwa hiyo ile hoja ya "nitumie mimi nikulipie" haina kazi tena. Hospitali binafsi ina akaunti ya benki au lipa namba yenye jina lake. Jina likitokea la mtu binafsi, usiingize namba ya siri. Na ukigundua ni tapeli, usiishie kumtukana, ripoti namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Nne, kama mgonjwa ana bima, uliza ni huduma gani bima imeikataa na kwa sababu gani. "Bima imegoma" siyo jibu, ni mwanzo wa swali. Na kama hela kweli haipo, usiahidi usichokuwa nacho. Namba yako kuwa kwenye faili peke yake hakukufanyi kuwa mdaiwa, lakini ukisema "nitalipa mimi" umeshafungua ukurasa mwingine. Mtume ndugu kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Sera yetu ina misamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wasiojiweza na baadhi ya magonjwa sugu. Wangapi wanauza mbuzi kulipa kitu walichosamehewa?

Kuna lile neno linalotuvunja miguu: "hatoki mpaka mlipe". Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya wanawake wawili waliojifungua Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, Nairobi, wakazuiwa kwa kushindwa kulipa. Mahakama ikasema haki zao zilivunjwa, ikaamuru walipwe fidia, mmoja shilingi za Kenya 1,500,000 na mwingine 500,000. Hukumu ya Kenya haizifungi mahakama zetu, najua. Lakini Tanzania nayo ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na ibara ya 11 inakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Katiba yetu nayo, ibara ya 15, inalinda uhuru wa mtu. Deni lidaiwe kama deni. Mgonjwa siyo simu iliyowekwa rehani.

Najua hospitali nazo zina lao. Tangu kuchangia gharama kulipoanza 1993, makusanyo ya dirishani ndiyo yanayosaidia kununua dawa, glovu na mafuta ya jenereta. Wapo wagonjwa wanaotoroka wodini usiku, na wapo ndugu wanaozima simu wakisikia neno uhasibu. Mhasibu aliyewekewa lengo la makusanyo atafanyaje? Atapiga simu. Sina ugomvi na kupiga simu. Nina ugomvi na simu isiyofuatana na karatasi.

Maana tazama kinachotokea. Kila mara hospitali halali inapotudai kwa mdomo, kwa haraka, kwa namba binafsi ya mfanyakazi, inatuzoesha. Inatufundisha kwamba hivi ndivyo hospitali zinavyodai. Kesho tapeli akipiga kwa sauti ileile na vitisho vilevile, tutamtofautishaje? Hospitali ndiyo inayomfungulia mlango bila kujua.

Na kurekebisha hakuhitaji mfadhili. Hospitali ipige kwa namba moja inayojulikana, iliyobandikwa mapokezi na kwenye lango. Kabla ya kudai, itume ujumbe wenye namba ya faili, kiasi na namba ya malipo. Mfanyakazi asiruhusiwe kabisa kupokea hela ya mgonjwa kwenye simu yake, hata kwa nia njema. Na mambo ya ugonjwa yasimwagwe kwa yeyote aliyepokea simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti inazozilinda. Deni la baba halimpi mtu ruhusa ya kunitajia anaumwa nini.

Sisi tuliosoma tuna kazi yetu pia. Tunajua kuuliza, tunajua kusoma bili, na hatuogopi sana koti jeupe. Mama zetu wanaogopa. Wanaona kumwuliza mhasibu mchanganuo ni utovu wa adabu, na kwamba mgonjwa wao atalipiziwa kisasi wodini. Kwa hiyo Jumapili hii, ukipiga nyumbani kusalimia, waambie: akipiga mtu wa hospitali kudai hela, mjibuni kwa upole, mwambieni tunaomba karatasi, halafu mnipigie mimi. Hayo tu. Wakumbushe tena mwezi ujao.

Wenzangu mnaonaje? Wale mnaofanya kazi hospitalini, hasa wahasibu, nawaomba mseme na nyie. Huenda kuna upande ambao sisi tunaopigiwa hatuuoni.