Kabati la Staa Mnalipigia Makofi, Mabasi ya Dogo Mnawashia Jiko

Leo sina umbea wa nani kamuacha nani. Leo nina hasira, nisomeni mpaka mwisho halafu ndo mnitukane.

Kuna staa mmoja wa hapa Bongo, jina sitaji, wenye macho mmeshaona. Juzi kati kaposti sebule yake mpya. Kabati la vioo ukuta mzima, taa za bluu ndani, limejaa vijigari vya Hot Wheels na vile visanamu vya askari wa Warhammer vya kuchezea mezani. Komenti moto tupu, "kaka una ladha", "hii ndo hela sasa". Hata mimi nililaiki, siwafichi.

Kilichonichefua ni video iliyofuata. Shabiki mmoja kamuuliza kistaarabu tu, vipi yale mabasi ya mfano wanayounda madogo wa mikoani, hawezi kuweka hata moja? Jamaa akacheka. Akasema yale ni maboksi ya uswahilini, yatamletea mende kwenye kabati. Na nyie mkacheka naye. Hapo ndo tulipokosana.

Tuambizane ukweli. Warhammer ni mchezo wa mezani wa kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ulianza 1983. Askari wanauzwa vipande vipande, mwenyewe unabandika na gundi, unapaka rangi kwa brashi ndogo kabisa. Na wanaofanya hivyo ni watu wazima wenye ndevu na familia. Huko Nottingham wana mpaka jumba la maonyesho, visanamu vimepangwa nyuma ya vioo, watu wanapanda treni kwenda kuangalia. Hakuna anayewaambia acheni utoto.

Sasa dogo wa huku Isevya naye anakata, anabandika, anapaka rangi. Tofauti ni kwamba yeye hana kiwanda cha kumletea vipande tayari. Anaenda stendi, analitazama basi la Dar mpaka konda anamfukuza, anarudi home na vipimo vyote kichwani. Bodi ni boksi, vioo ni chupa ya maji, matairi ni ndala zilizokatika, taa kazitoa kwenye tochi mbovu. Milango inafunguka. Buti linafunguka. Halafu mtu aliyenunua vyake dukani ndo anamcheka huyo? Sio poa.

Hili kwangu sio stori ya kiki. Bro wangu alikuwa anaunda hayo mabasi toka yuko la tano. Alipofika kidato cha nne alikuwa nayo kumi na moja, yamejaa chini ya kitanda. Akaenda Dar kutafuta maisha, akapata mchongo wa kuonana na fundi wa karakana moja inayounda bodi za mabasi. Mzee yule hakuuliza cheti. Alimuuliza kitu kimoja tu, "Ulishawahi kutengeneza nini? Nioneshe." Bro akanipigia mbio mbio, mdogo wangu piga picha mabasi yangu yote unitumie sasa hivi.

Nikainama chini ya kitanda. Hola. Masika yale maji yaliingia ndani, mengine yakaoza, mengine yakaliwa na mchwa, yaliyobaki maza akawashia jiko la mkaa. Maza simlaumu. Hakuna hata mmoja kwenye nyumba ile, mimi nikiwemo, aliyewahi kumwambia kwamba vile vilikuwa vitu vya kutunza. Bro leo anabeba zege. Simaanishi angepata kazi kwa uhakika, ila naamini angepata nafasi ya kujaribu.

Na usiniambie hatuna kabati. Kabati lipo! Nenda nyumba yoyote ya mtaani kwetu, sebuleni utakuta kabati la vioo, ndani sahani za maua ambazo hajawahi kulia mtu, zinasubiri mgeni ambaye haji. Vioo tunavyo, ila tumeviweka mbele ya vitu vya kununua. Hata pale Kwihara, nje kidogo ya mji, kuna tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi wa kuendelea na safari. Leo ni makumbusho na yana jina lake. Mizigo ya misafara ilikuwa mabegani mwa Wanyamwezi, babu zetu hawa hawa. Wangapi kati yao unaweza kuniambia hata jina? Asiyetunziwa kazi yake husahaulika, tunaishi jirani na ushahidi.

Basi mimi nimejenga langu. Mimi sio fundi, kwa hiyo usiseme huwezi.

Mji wetu huu ni mji wa mninga. Nilienda kwa mafundi seremala nikaokota vipande vilivyobaki, nikawapa 5,000 ya soda. Chagua ile sehemu nyekundu ya moyo wa mti, mchwa hauipendi. Ile nyeupe ya pembeni achana nayo, italiwa kama boksi. Kabati langu lina upana wa sentimita 100, urefu wa kwenda juu 75, na kina 22. Rafu tatu, kila moja inabeba mabasi mawili ya sentimita 40. Vioo viwili vya milimita 4 kwa ajili ya milango, duka la vioo wakanikatia kwa 18,000. Bawaba 3,000, taa za LED za mkanda 8,000. Jumla 34,000.

Usiliegemeze ukutani moja kwa moja, acha nafasi ya vidole viwili, maana mchwa hupanda kwa ukuta. Miguu paka oili chafu kwa chini. Usilielekeze dirishani, jua linaua rangi. Pembeni mwa milango bandika vipande vya sponji, vumbi la kiangazi cha Tabora mnalijua wenyewe, na hao mende wa staa hawapiti. Vile vipakti vyeupe vinavyokaa kwenye boksi la viatu vipya usitupe, weka kila rafu, vinanyonya unyevu wakati wa masika.

Najua wengine mnasema, si upige picha tu uweke kwenye simu? Sawa, simu ya bro iliibiwa wiki ya pili Dar. Ya kwangu ilikufa kioo. Na picha haifungui mlango wa basi, haioneshi buti linavyokaa. Fundi mwenye akili anataka kukishika kitu.

Mwingine atasema nimepanga chumba kimoja, kabati nitaliweka wapi? Haki yako. Basi toa rafu moja kwenye kabati la maza, zile sahani zibane kidogo. Ukikosa kabisa, ning'iniza ubao ukutani juu ya kitanda. Dogo akiona kazi yake imewekwa juu, atatengeneza ya pili vizuri zaidi. Akiona imetupwa chini, ataacha.

Kabati langu sasa hivi lina mabasi manne. Moja ni la bro, alimpa dogo wa jirani kabla hajasafiri, ndo maana lilipona. Limepinda upande mmoja na taa haziwaki, sijaligusa. Matatu ni ya dogo mwenyewe, ana miaka kumi na tatu. Nimebakiza nafasi mbili na ameshaniambia zote ni zake.

Kwa yule staa wetu, kaka, kabati lako ni zuri na hela ni yako, sina wivu. Ila uliyemcheka ni yule aliyejaribu kutengeneza, na una watu wengi wanaokuiga. Ukitaka basi la kuweka pale katikati ya askari wako, njoo Isevya na hela mkononi. Haliuzwi kwa bei ya boksi.

Nyie wengine, kabla hujakomenti, kainame chini ya kitanda cha mdogo wako kwanza. Ukikuta kitu, kipandishe juu. Halafu njoo hapa chini utuambie umekuta nini.