Nyumba ya Mbao Nayo ni Nyumba

Jamani, Shamba la Miti Sao Hill, Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote ya serikali. Lakini kijana wa Mafinga akitaka kujenga anaambiwa atafute tofali na saruji. Mjomba wangu aliomba mkopo, benki ikamjibu eti nyumba ya mbao si ya kudumu. Kwa nini isiwe? Weka msingi wa mawe ulioinuka, mbao za paini zilizotiwa dawa ya mchwa, kuta zijazwe udongo, paa litokeze kukinga mvua. Vyumba viwili na sebule, familia inakaa. Mimi nasoma sheria, nadai jambo moja tu: nyumba ipimwe kwa uimara wake, siyo kwa mifuko ya saruji. Serikali inauza miti yenyewe, basi iikubali ikishakuwa nyumba.