CHAI SI CHAKULA



Siku hizi twasikia maneno mengi karakana na stesheni: ati mtu akinywa turungi kikombe baada ya kikombe, njaa humwacha na kitambi hupungua. Wengine wafurahia habari hiyo. Lakini walio wengi wanywa turungi kwa sababu mfukoni hamna pesa ya ugali. Basi yafaa tuseme kweli.

Ndani ya chai na kahawa mna dawa iitwayo kafeini. Kikombe cha kahawa huwa na miligramu 100 hivi, na cha chai kama nusu yake. Dawa hiyo huamsha akili, nayo huweza kuituliza njaa kwa muda mfupi. Lakini kutuliza njaa si kushiba. Mwili haukupata kitu, na njaa ikirudi mtu huweza kula kupita kiasi.

Na kitambi je? Kafeini huufanya mwili uchome chakula zaidi kidogo tu, na mwili ukiizoea, nguvu hiyo hupungua. Tena tazameni sukari. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 4. Vikombe 5 vya vijiko vitatu vitatu ni gramu 60. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na bora iwe 25. Anywaye chai hiyo ili akonde aweza kunenepa.

Wa zamu ya usiku wajue hili pia: baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini ingali mwilini. Ukinywa alfajiri, usingizi wa asubuhi huwa haba, na asiyelala vema huzidi kuona njaa.

Hatuwaambii mwache chai. Twaandika haya kikombe kikiwa mezani. Lakini tulimwona fundi aliyeshika zamu nzima kwa turungi tupu. Mikono ikamtetemeka, spana ikamponyoka, ikaanguka karibu na mguu wa mwenzake. Kosa lilikuwa la nani? Hakupewa nafasi ya kula.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya hali nzuri ya kazi. Basi mahali pasipo kantini wala saa ya chakula, mwambieni mjumbe wenu wa chama, aandike, alete mkutanoni. Tuidai saa ya chakula kwa sauti moja. Mwenye njaa asipozwe kwa kikombe.