Ujirani Mwema Si Kunyamaza

Tarehe 27 Agosti 2010 Kenya ilizindua katiba mpya pale Uhuru Park, Nairobi. Sura yake ya nne yote ni ya haki za binadamu. Lakini je, mwamjua mgeni mmoja aliyealikwa siku hiyo? Ni Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati mbili za kumkamata kwa tuhuma za mauaji ya Darfur, na Kenya ilijiunga na mahakama hiyo mwaka wa 2005.

Serikali ilijitetea kwamba Sudan ni jirani, tena Umoja wa Afrika ulikuwa umewaambia wanachama wasimkamate. Mimi sikubali. Hapa kwetu Shieywe, mtoto akipiga mayowe usiku kwa kipigo, watu huamka wakagonga mlango. Hakuna anayesema, "Shauri yao, huyo baba ni jirani." Kwani mtoto si jirani pia?

Najua ukweli una gharama. Novemba 2011 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Bashir akija tena akamatwe, na Sudan ikamtaka balozi wetu aondoke. Haya, tuseme kumkamata kulikuwa kugumu. Jamani, hata kutomwalika kulitushinda?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Serikali yetu isiwe ya kuwafichia majirani maradhi.